Uzi wa Kioo, Msimu wa Asparagasi

Jumatatu, 15 Aprili

Nesi wa hospitali ya Leuven aliniagiza niandike kila siku jambo moja la kushukuru, hata kama ni dogo kama punje ya mchele. Nikamwambia sisi watu wa Kempen, huku kwenye mchanga wa Ubelgiji, tukishukuru zaidi ya mara moja kwa mwaka, majirani hudhani tumelewa. Akacheka, akanipa daftari hili.

Basi leo nashukuru kwamba nimerudi kazini. Majira yote ya baridi nilikuwa mtu wa hospitali. Uvimbe ulikuwa kooni, na kila siku walinilaza mezani, wakanifunika uso kwa kinyago cha plastiki, wakakikaza kwa misumari ya kuzungusha ili nisitikisike, kisha wakanipiga mionzi. Wameniponya, mimi Fons Geudens niliye hai na ninayeandika haya. Ila mionzi iliondoka na ulimi wangu. Kahawa kwangu ni maji ya moto, mkate ni kadibodi. Daktari alisema ladha itarudi, au haitarudi.

Kwenye kituo chetu cha utafiti wamenipokea kama kawaida yetu. Swa, mwenzangu wa winchi, alinitazama juu mpaka chini.

"Umekonda."

"Na wewe umenenepa."

"Nilikuwa nakula sehemu yako," akasema, akanipa funguo za bwawa. Ndivyo tunavyosema pole huku kwetu.

Jumanne, 16 Aprili

Dada yangu Roza amepiga simu. Asparagasi za kwanza, yale machipukizi meupe tunayoyala huku, zimetoa vichwa kwenye matuta yake, lakini usiku kuna jalidi. Anasema zimesimama kama watu wanaosubiri basi. Nashukuru kwa simu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Amekuja mhandisi mgeni, Hanne Vandecasteele, msichana wa pwani, kule karibu na Ostend ambako watu humeza nusu ya kila neno. Kwa miaka minne amekuwa akibuni na kuvuta uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na sasa anataka tuupime bwawani kwetu.

Kazi yetu ni rahisi kuieleza. Chini kabisa ya maji kuna fimbo za kobalti zinazong'aa bluu. Mtu akitaka kujua kama kitu chake kitastahimili mionzi, tunakitia kwenye kopo la chuma, mimi nalishusha kwa winchi hadi jirani na fimbo, linakaa, kisha nalipandisha. Vingi hupanda vikiwa vimeharibika. Plastiki hukatika kama biskuti. Kioo cheupe huwa cha kahawia kama chai.

Saa ya kahawa ya saa nne Hanne hakuja. Alibaki kwenye mashine zake na chupa yake ya chai. Swa akasema, "Malkia wa bahari hanywi kahawa na watu wa mchanga." Tulicheka, na mimi nilicheka.

Nashukuru kwa kuwa maji ya bwawa bado ni safi kama nilivyoyaacha.

Jumatatu, 22 Aprili

Baridi. Hanne anauliza kila kitu mara mbili na haniiti ila "Bwana Geudens". Najihisi niko mahakamani.

Jumatano, 24 Aprili

Leo nimejua uzi ule ni wa nini. Bora ningeuliza mapema.

Nilikuwa namsaidia kuuzungusha kwenye kigurudumu chake. Nikamwambia, kwa kumchokoza tu, "Miaka minne kwa unywele huu? Kinyozi wangu anafagia bora kuliko huu kila jioni."

Hakucheka. Akasema, "Unaingia mdomoni mwa mgonjwa, Bwana Geudens. Wakati wa tiba ya mionzi. Kwenye ncha kuna tone linalowaka kidogo likipigwa na mionzi. Uzi unapeleka mwanga huo nje, daktari anajua kooni imefika mionzi kiasi gani."

Nikaacha kuzungusha. Akaendelea kwa sauti ileile ndogo. Shida ni kwamba uzi wenyewe nao unapigwa mionzi, mgonjwa baada ya mgonjwa. Ukiingia giza, mwanga unaofika nje unapungua. Daktari ataona kidogo, atadhani mgonjwa amepata kidogo, ataongeza. Na kumwongezea mtu mionzi kooni si sawa na kuongeza chumvi kwenye supu.

"Hospitali ya Leuven itaamua mwezi wa sita, kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane," akasema. "Uzi ukifaulu, utaanza kutumika. Usipofaulu, mkataba wangu unaisha mwezi huohuo, na uzi unakwenda kabatini."

Sikumwambia habari za koo langu. Nashukuru kwamba hakuniuliza kwa nini nimenyamaza.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu. Nimemsaidia Roza kuvuna. Unapapasa ncha kwenye mchanga, unachimba kwa vidole, unakata chini. Roza alinipikia kwa siagi na yai la kupondwa. Nilitafuna kamba.

"Unasikia chochote?" akaniuliza.

"Nasikia moto."

Akageuka kuosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Jumatatu, 6 Mei

Tumeshusha kopo la Hanne. Uzi umejizungusha ndani yake, ncha mbili zimepanda juu kwa bomba hadi mezani: upande mmoja taa, upande wa pili chombo cha kupimia. Litakaa chini wiki nzima, litapanda Jumatatu ijayo.

Amenifundisha sharti lake kuu. Taa haiwaki moja kwa moja. Inakonyeza tu: inafunguka kidogo, chombo kinapima, inajifunga. Nikauliza kwa nini anaibania hivyo, umeme tunao.

"Kwa sababu mwanga unatibu kioo," akasema. "Giza linalotiwa na mionzi, mwanga ukipita sana unalifuta. Hospitalini hakuna taa ndani ya uzi, kuna lile tone dogo tu. Nikiacha taa wazi hapa, nitakuwa naupima uzi huku nauponya. Nitajidanganya."

Hiyo "nitajidanganya" aliitamka yote, hakumeza hata herufi. Nashukuru kumfahamu mtu wa namna hiyo, ingawa bado haji kahawani.

Jumatano, 8 Mei

Kesho ni Kupaa kwa Bwana, na Ijumaa hakuna atakayekuja. Sisi hujenga daraja la mapumziko kutoka Alhamisi mpaka Jumapili, na anayefanya kazi darajani hutazamwa vibaya. Tangu saa nane watu walikuwa wamevaa makoti.

Nilimwomba Hanne jambo moja. Nilitaka kuuona mwanga ukitoka kwenye ncha ya uzi, kwa macho yangu. Alinitazama, nadhani alikuwa karibu kuniuliza sababu. Kisha akazungusha swichi ya taa kuwa ya mkono ili ikae wazi, akachomoa ncha kwenye chombo, akaielekeza kwenye kiganja changu. Nikaona nukta nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele, imetoka juu, imepita kwenye moto wa kobalti, imerudi kwangu.

"Nilikuwa na uvimbe hapa," nikasema, nikagusa koo. "Leuven, majira ya baridi."

Hakusema pole. Akasema, "Walikufunga kinyago?"

"Cha misumari."

"Ukiwa ndani ulifikiria nini?"

Kabla sijajibu, bosi wetu Cuypers alipiga makofi mlangoni: wote kwenye bia ya kuagana, halafu nyumbani, mlinzi anataka kufunga. Hanne akairudisha ncha mahali pake haraka, tukatoka. Alikunywa bia nusu glasi pamoja nasi. Swa alimfundisha kusema "mchanga" kwa lafudhi yetu, naye akamfundisha Swa neno la pwani ambalo siwezi kuliandika hapa.

Nashukuru kwa nukta ile.

Jumapili, 12 Mei

Watakatifu wa Barafu, siku zile za baridi ya mwisho katikati ya Mei, wamewasili. Roza hapandi nyanya mpaka wapite. Baridi, nimelala.

Jumatatu, 13 Mei

Tumepandisha kopo. Mtambo ulipomaliza muda wake ulijizima wote. Swa akaifungasha taa sandukuni kwa ajili ya safari ijayo. Hanne alikaa mbele ya kompyuta, na mimi nilikaa nyuma yake nikijifanya nakaza bolti.

Mstari wa vipimo kwenye skrini umelala tambarare kama barabara ya Kempen. Uzi haukuingia giza. Ulififia kidogo mwanzoni mwa wiki, kisha ukajirudi na kubaki hivyo.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki," akasema, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Jumanne, 14 Mei

Keki ya mchele. Kwetu, mwenye majibu mazuri huleta keki, na majibu yakishaliwa keki yamekuwa majibu. Hakuna karatasi yenye nguvu kuliko hiyo. Hanne alikuja kahawani kwa mara ya kwanza, amebeba keki mbili, uso mwekundu. Cuypers alisimama, akasema hospitali imeshapigiwa simu na imefurahi mno. Swa alikula vipande vitatu kwa niaba ya ulimi wangu, ndivyo alivyosema.

Nilipomwuliza Hanne kwa nini hakuwa akija, akasema siku ya kwanza alitusikia tukicheka. Hakusema zaidi. Naona haya mpaka sasa, na nashukuru kwamba alikuja hata hivyo.

Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Hakuna jipya. Nashukuru.

Jumamosi, 18 Mei

Niandike taratibu.

Asubuhi nilikuwa shambani kwa Roza. Matuta yake yamefunikwa kwa plastiki nyeusi ili asparagasi zibaki nyeupe gizani. Upepo wa usiku ulipasua kipande kimoja. Pale palipopasuka, vichwa vyote vilikuwa vya zambarau, mstari ulionyooka kama umepigwa rula; pembeni, chini ya plastiki, vyeupe pepepe.

Roza alilalama. "Tazama. Mwanga wa asubuhi moja tu, na sokoni wataniita mzembe."

Nami nikasimama pale na kisu mkononi, nikaikumbuka nukta nyeupe kwenye kiganja changu. Hanne alizungusha swichi kuwa ya mkono. Cuypers akapiga makofi. Alirudisha ncha. Je, aliirudisha swichi?

Nimejaribu kuuona mkono wake ukifanya hivyo. Nauona mkono ukirudisha ncha, nauona ukichukua koti. Sioni zaidi. Kama taa ilibaki wazi daraja zima, mstari ule sio wa uzi. Ni wa taa.

Jumapili, 19 Mei, Pentekoste

Sikulala vizuri. Kanisani sikusikia neno.

Nilijiambia labda nakosea. Nikajiambia pia kwamba keki imeliwa, maji yakimwagika hayazoleki, na msichana ana mkataba na furaha yake ya kwanza hapa. Tena ni mimi niliyeomba kuona mwanga. Nani mwingine anajua? Hakuna.

Halafu nikaviona vinyago. Pale Leuven vinaning'inia ukutani, kila kimoja na jina la mwenyewe, nyuso za plastiki zinazosubiri zamu. Cha kwangu kilikuwa kati ya cha mwanamke aliyekuwa akiniletea peremende za mnanaa na cha kijana mwenye mkalimani. Uzi ule utaingia midomoni mwao. Jibu nimelipata hapo.

Jumanne, 21 Mei

Jana ilikuwa mapumziko, kwa hiyo nilibeba mzigo siku moja zaidi. Leo nilifika kabla ya wote, nikamngoja Hanne kwenye maegesho ya baiskeli.

"Ile Jumatano, uliponionyesha mwanga," nikasema, "uliirudisha swichi?"

Alikuwa anafunga baiskeli. Akaacha mnyororo ukining'inia. Nilimwona akirudi nyuma kichwani, hatua kwa hatua, kama nilivyorudi mimi, na nikaona alipofika ukutani.

"Sijui," akasema.

Tulikwenda kabatini bila kuvua makoti. Nikatoa sanduku, akafungua yeye. Taa ilikuwa imelala kwenye sponji kama Swa alivyoifungasha, na swichi yake imeelekea upande wa mkono. Wazi.

Hanne alikaa sakafuni. Kisha akanigeukia. "Umelijua lini hili?"

"Jumamosi. Kwenye asparagasi."

"Jumamosi. Na mimi Jumamosi nilikuwa kwa mama, namweleza kwamba nimefaulu." Machozi yalimtoka lakini sauti haikubadilika. "Mlinifanya nilete keki, Fons. Nilizioka mwenyewe."

Ndiyo mara ya kwanza kuniita Fons, na nilistahili kuitwa vibaya zaidi. Nikamwambia swichi ilizungushwa kwa ajili yangu, nitamwambia Cuypers hivyo.

"Mkono ulikuwa wangu," akasema. Akainuka, akapangusa magoti, akaenda kwa Cuypers wakati huohuo, kabla ya kahawa, kabla hata ya kuvua koti. Mimi nilikuwa nimesali usiku kucha nipate ujasiri wa kumweleza mtu mmoja. Yeye hakuhitaji hata dakika ya kufikiri.

Mlango wa Cuypers ni mwembamba, tulisikia yote.

"Hanne, keki imeshaliwa," Cuypers alisema. "Hospitali wanajua. Huna uhakika kwamba taa ndiyo iliyofanya hivyo. Labda uzi ni mzuri kweli."

"Labda. Ndiyo maana nataka kuupima tena."

"Na ukishindwa?"

"Basi umeshindwa. Bora ushindwe bwawani kuliko kooni kwa mtu."

Cuypers, ambaye si mtu mbaya, ni mwoga wa simu tu, akasema, "Nani atawapigia?"

"Nitapiga mimi."

Leo nashukuru kwa mtu wa pwani. Niliwahi kumdhania ana maringo.

Jumatano, 22 Mei

Hanne amekuja kahawani na keki nyingine ya mchele. Tukatazamana. Akaiweka katikati ya meza.

"Hii ni ya kuifuta ile," akasema. "Majibu niliyowapa si majibu. Taa ilibaki wazi. Kuleni."

Miaka yangu yote pale sijawahi kuona keki ya kufuta. Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Swa ndiye aliyechukua kisu, akakata, akampa yeye kipande cha kwanza. "Hii ni tamu zaidi," akasema Swa, na tukala kimya kimya kama watu wa matanga. Nilishukuru kwa Swa. Sikutegemea kuandika sentensi hiyo maishani.

Ijumaa, 31 Mei

Safari hii taa ilikonyeza kama inavyotakiwa. Hanne aliitazama swichi kila alipopita, na mimi niliitazama alipokuwa hatazami. Mvua imenyesha mwezi mzima. Roza anasema asparagasi zake zinaoga kuliko yeye.

Tumepandisha kopo mchana. Uzi umeingia giza. Si giza totoro, ni bora kuliko nyuzi nyingi nilizowahi kuzishusha, lakini umevuka mpaka uliowekwa na hospitali. Mstari umeteremka polepole, bila haraka, kama mzee anayeshuka ngazi.

Hanne aliutazama hadi mwisho, akazima kompyuta. "Asante kwa winchi, Fons," akasema, akaenda kuchukua baiskeli kwenye mvua.

Sina la kushukuru leo. Nesi anisamehe.

Jumatatu, 3 Juni

Nilidhani hatakuja. Amekuja, amevuta kiti mbele ya meza yangu ya winchi, na chai yake.

"Nisimulie Leuven. Tangu unaitwa mpaka unatoka. Usiruke kitu."

Nikamsimulia. Unaitwa jina. Unavua shati, unalala. Wanakaza kinyago, wanatoka, mlango mzito unafungwa. Mashine inazunguka na kulia kama nyuki. Wanarudi, wanakufungua.

"Halafu?"

"Halafu naenda nyumbani."

"Na meza? Baada yako?"

Sikuwahi kuulizwa hilo, ila nilikuwa nimeliona kila siku, kutoka upande wa anayesubiri. "Wanaifuta. Wanabadilisha shuka la karatasi. Wanatundika kinyago changu, wanatoa cha mwenzangu. Wanamwita. Kama ni mzee, wanamngoja avue viatu."

"Wakati wote huo hakuna mionzi."

"Hakuna. Kuna redio tu."

Aliweka kikombe chini. "Mimi nimekuwa nikiuchoma uzi wiki nzima mfululizo. Hakuna mgonjwa anayetibiwa wiki nzima mfululizo. Wanapigwa kidogo, wanapumzika. Kwenye mapumziko yale naweza kuwasha taa, Fons. Nje ya kipimo. Naweza kuufanyia makusudi kile tulichoufanyia kwa bahati mbaya."

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwafariji waliopotea.

Jumanne, 4 Juni

Kuna shida. Bwawa halijui kupiga kidogo na kupumzika. Kopo lazima lishuke, likae muda mfupi, lipande, taa iwake, lishuke tena. Winchi yetu ni ya mkono. Cuypers amekumbusha kwamba daktari ameniruhusu nusu siku tu na hakuna kuinua mizigo.

"Kopo halina uzito," nikasema.

"Mnyororo unao," akasema Cuypers.

Swa akaingilia. "Atashusha yeye, nitapandisha mimi. Kushuka hata maji yanaweza." Ikawa hivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Kushuka. Kupanda. Mwanga. Kushuka.

Jumanne, 11 Juni

Kushuka, kupanda, mwanga. Swa amegundua misuli ambayo hakujua anayo, na anaitaja yote kwa majina. Bandu bandu huisha gogo. Hanne ametufundisha sote wimbo wa wavuta nyavu wa kwao. Hatuelewi maneno, lakini mnyororo unaelewa.

Ijumaa, 14 Juni

Jua, hatimaye. Uzi unafifia kila unaposhuka na kurudi kila unapopewa mwanga. Haurudi wote. Kuna kovu linalobaki. Hanne anataka kujua kovu linakua au limesimama, na hilo bado halijajulikana. Hali chakula vizuri. Nimeanza kumletea mkate wa jibini. Anakula huku anatazama mstari.

Nilimjibu leo swali lake la siku ile, nilichofikiria ndani ya kinyago. Nilimwambia nilikuwa nawaza kwamba nje ya mlango ule kuna mtu anayejua kwa hakika ninapigwa kiasi gani. Sikuwa na mengine ya kushika. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama mstari.

Jumatano, 19 Juni

Kovu limesimama. Kwa siku tatu halijasogea. Mstari sio mzuri kama ule wa keki ya kwanza. Una meno kama msumeno, unashuka, unapanda. Lakini hauvuki mpaka. Hanne amekwenda Leuven nao, pamoja na mistari mingine miwili, ule wa uongo na ule wa kushindwa. Nilimwuliza kwa nini abebe yote.

"Wajue tulivyofika hapa," akasema.

Ijumaa, 21 Juni

Hakuna habari mpaka jioni. Halafu simu, na sauti iliyomeza maneno yote kasoro mawili: "chumba kimoja."

Nilimwambia apumue, aanze upya. Hospitali imekubali kuujaribu uzi kwenye chumba kimoja, na kumwongezea mkataba mwaka mzima. Wameweka sharti, na ni sharti alilolipeleka yeye mwenyewe: taa iunganishwe na mlango ule mzito. Kila mlango ukifunguliwa, taa inawaka yenyewe ndani ya uzi. Isipowaka, mashine haipigi.

"Isitegemee mkono wa mtu," akasema. "Hata mkono wangu."

Nashukuru. Leo sina haja ya kutafuta la kushukuru.

Jumatatu, 24 Juni, Mtakatifu Yohane

Leo kisu kinawekwa. Baada ya Mtakatifu Yohane hakuna mtu wa Kempen anayekata asparagasi. Mizizi inaachwa ipumzike, la sivyo mwakani hakuna kitu. Jioni Roza alipika za mwisho na kutualika wote: Hanne, Swa, hata Cuypers, aliyekuja na tai.

Hanne alikuja na keki ya mchele, ya tatu. Nikachukua kisu, akanishika mkono.

"Kwanza nijibu. Taa?"

"Nimeiangalia saa kumi."

"Swichi?"

"Swichi haipo tena, uliing'oa mwenyewe."

"Basi kata," akasema, na Swa alicheka mpaka akakohoa.

Lakini hayo ya keki yalikuja baadaye. Kwanza Roza alileta sinia, asparagasi na siagi na yai, akawa anaomba radhi kabla hajaiweka mezani. Za mwisho wa msimu huwa zina uchungu, alisema, na mwaka huu zimenyeshewa, zina uchungu zaidi. Tuzile hivyohivyo, asilaumiwe. Cuypers alitafuna akakunja uso kwa adabu. Swa alisogeza zake pembeni kidogo, akidhani haonekani.

Nilikata kipande nikatia mdomoni kama ninavyofanya siku zote, nikijiandaa kutafuna kamba. Pembeni ya ulimi, nyuma kabisa upande wa kushoto, kitu kikanigusa. Kidogo sana. Niliacha kutafuna kikaondoka, nikatafuna kikarudi.

"Fons?" Roza aliniita. "Umekwama?"

Nilitafuna tena. Hanne alinitazama, akaweka uma wake chini taratibu.

"Ni chungu," nikasema.

"Nimeshasema ni chungu," Roza akajibu. "Acha, nitakupa..." Kisha akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akachukua sinia lote, sehemu ya Swa pia, akalisukuma mbele yangu.

Nilizila zote.